Rafiki Mmarekani wa Baba

Baba yangu alipokuja kuishi nasi Rosettenville, hapa Johannesburg, baada ya mama kufariki kule Arusha, nilidhani taabu yetu itakuwa baridi ya Julai, au chakula, au lugha. Baridi aliizoea. Ugali wa hapa aliula bila kunung'unika. Taabu ilikuwa yule Mmarekani.

Hazikupita wiki nyingi mtaa mzima ukawa umeshaambiwa. Mreno wa duka la mikate aliambiwa. Wanawake wa Kikongo wanaosuka nywele pale karibu na robot, yaani taa za barabarani, waliambiwa, na hao angalau walielewa Kiswahili. Mlinzi wa jengo la jirani, Mzulu asiyejua hata neno moja la lugha ya baba, aliambiwa kwa mikono. Baba alijigusa kifua, akajifanya amepanda farasi, akajifanya ameshika bunduki, halafu akabana vidole viwili pamoja, maana yake marafiki. Mlinzi akamwambia, "Sharp, mkhulu," yaani sawa, babu, na baba akarudi nyumbani ameridhika kama mtu aliyetoka kuvishwa nishani.

Hadithi yenyewe nilikua nayo. Wakati wa ujana wake, kabla hajaoa, watu wa picha walikuja kutoka Marekani na magari yao na mahema yao, wakapiga kambi kwenye mbuga kule kwetu. Waliajiri vijana wa kuwa wapagazi katika filamu. Kati ya vijana wote hao, baba ndiye aliyechaguliwa kusema maneno mbele ya kamera, tena akisemezana na mwigizaji mkuu mwenyewe, mtu ambaye sura yake ilibandikwa kwenye ukuta wa sinema mjini. Wakawa marafiki. Kila mara baba alimalizia hapo: "Tukawa marafiki, mimi na yeye."

Aliyajua maisha ya mtu yule kuliko mimi nilivyoyajua ya babu zangu. Alizaliwa, baba alisema, kwenye shamba la ng'ombe, mahali pakavu ambapo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Baba yake alikufa mapema. Kijana akaondoka kwao kwa miguu, akafika kwenye mji wa picha, akapewa kazi ya kusafisha mazizi ya farasi. Siku moja mtu aliyelipwa ili aanguke kutoka juu ya farasi aliumia, akatafutwa mwingine wa kuanguka, naye akajitolea. Alianguka vizuri. Kwa miaka kadhaa akawa anaanguka badala ya wakubwa, sura yake haionekani, mpaka mwongozaji mmoja alipomwona akijipangusa vumbi akasema, mpeni huyu maneno. Basi akawa stelingi. Baba alilitamka neno hilo kama wanavyolitamka wazee wote wa rika lake, kwa maana ya yule mtu ndani ya picha ambaye hafi. Alioa mara tatu. Alikwenda vitani akarudi. Aliigiza polisi, nahodha, mchunga ng'ombe, daktari, na nywele zilipoanza kuwa na mvi na watu wa kwao wakaanza kumchoka, wakampeleka Afrika kuigiza mwindaji.

Nilipokuwa mtoto niliipenda hadithi hiyo. Hapa Johannesburg ilinitia aibu. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wangu wengi ni wanawake wa ofisi za Marshalltown, na huja nyumbani Jumamosi kujaribisha nguo. Mmoja akiwa amesimama na pini mabegani, hawezi hata kugeuka, baba huingia, hupokea salamu, na kuanza. Nilizoea kuwaambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, "Ni mzee tu." Baba hajui Kiingereza cha kutosha, lakini sauti ya namna ile huhitaji kamusi gani? Alikuwa akinitazama kidogo, halafu anatoka kwenda kukaa uani juani.

Ndipo ikaja siku ya mahari ya binti yangu. Wakwe watarajiwa walikuja kutoka Soweto, wakiongozwa na mjomba wa kijana, malume kama wanavyomwita wao. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu mnene, mcheshi, mwenye suti ya rangi ya zambarau. Mume wangu ni mtu wa hapa. Alinioa alipokuwa mkimbizi Tanzania, tukarudi naye nchi ilipofunguka. Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda kwa Kizulu, kwa taratibu zao, na mimi nilitaka siku hiyo tuonekane watu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka chakula kilipoletwa. Malume, kwa adabu tu, akamuuliza baba alikuwa anafanya kazi gani ujanani.

Baba akaniangalia. "Mwambie, mama." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Mwambie nimeigiza picha."

Nilitafsiri. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilitafsiri mazizi ya farasi, kuanguka, wake watatu, kambi, maneno mbele ya kamera, urafiki. Malume alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba, akampiga baba begani. "Eish, mkhulu! Na mimi nilimwendesha malkia wa Uingereza kwenye basi langu." Wote wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kisha akaniona akaacha.

Baba aliuliza, "Amesemaje?"

"Anasema ni hadithi nzuri," nikajibu.

Binti yangu ndiye hakuvumilia. Anafanya kazi ya kuunganisha picha za matangazo ya televisheni, na hukielewa Kiswahili chote ingawa hunijibu kwa Kiingereza. Aliwaambia wageni, kwa Kizulu safi, kwamba filamu hiyo ipo, kwamba ataitafuta, na kwamba wote wataalikwa kuiona. Malume akasema atakuja, hata kama ni kwa ajili ya pilau peke yake.

Aliipata. Jinsi alivyoipata sikuielewa vizuri. Kuna watu kwenye mtandao wanaokusanya picha za zamani, mmoja akamtumia. Hakuitazama kabla. Alisema alitaka tuione pamoja na babu kwa mara ya kwanza, na mimi nilimwona mwema, wala sikufikiria zaidi.

Wakaja Jumamosi mchana. Jua la kipupwe liliingia sebuleni mpaka tukalazimika kufunga pazia. Baba alikaa kwenye kiti cha katikati, amevaa koti alilovaa kwenye harusi yangu. Malume alikaa kushoto kwake. Nyuma yao walikaa kijana na mama yake, mume wangu, na jirani yangu msusi, mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuja na keki. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi.

Ilikuwa filamu ya rangi, rangi nzito kupita za kweli. Mmarekani alitokea mapema, mrefu kweli, sauti yake ya kukwaruza, na baba akasema, "Huyo," akiinamia mbele. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mlima niliouona kila asubuhi nikiwa mtoto ulikuwa pale nyuma ya bega la mtu yule, na mimi nikasisimka. Nikaanza kufikiri kwamba siku hiyo itaniinua kichwa.

Kisha wapagazi wakaja kwa mstari, wamebeba masanduku kichwani. Walikuwa vifua wazi, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa kama samaki. Simba akanguruma mahali fulani. Mpagazi mmoja akatupa sanduku lake chini, akatumbua macho, akatetemeka magoti yote mawili kwa namna ambayo mtu mwenye hofu hatetemeki. Mwindaji akamfuata kwa hatua ndefu na kumzaba kofi. Kichwa cha mpagazi kikageuka upande, kikarudi, na hapo tukauona uso wake wote.

Nilimtambua kwa paji la uso. Ni paji la binti yangu.

Mpagazi akafungua mdomo kusema. Hayo ndiyo maneno tuliyoyasubiri, yale aliyochaguliwa kuyasema kati ya vijana wote. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti nzito ya mtu mwingine, iliyobandikwa baadaye huko kwao, na haikuwa Kiswahili wala lugha yoyote. Ilikuwa "bugu-bugu, ula-bula," kitu kama hicho, sauti ya mtu anayemchekesha mtoto mchanga. Wazungu wengine ndani ya filamu wakacheka. Mpagazi akapiga magoti akaanza kuokota vitu vilivyomwagika.

Na malume akacheka. Simlaumu, bugu-bugu ilimchekesha kabla hajajua anamcheka nani. Msusi ndiye aliyepiga kelele kwa furaha, "Lakini papa, ni wewe! Ni wewe kweli kweli!" Kisha akaelewa alichokiona, akafunika mdomo kwa mkono.

Chumba kizima kilinigeukia, au niliona hivyo. Nikasikia damu ikinipanda masikioni. Na nikasema, kwa Kiingereza, haraka, "Huyo si yeye. Sehemu yake iko mbele. Huyo ni mtu mwingine."

Baba hakugeuka. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Ni mimi."

Mume wangu akanyoosha mkono kutaka kuzima. Baba akamzuia. "Acha iishe, mkwe. Watu wamekuja kuona picha."

Basi tukaitazama yote. Ilikuwa ndefu. Hakuna aliyethubutu kuondoka, na mpagazi yule hakuonekana tena. Mmarekani aliua simba, akambusu mwanamke, akaondoka kwa ndege ndogo. Wageni walikula kidogo, wakashukuru sana, mno, wakaaga. Malume alimshika baba mkono kwa mikono miwili. Nilibaki jikoni na sufuria la pilau karibu zima, nikilia kwa hasira, na nilikuwa namkasirikia baba. Afadhali niliseme hilo kama lilivyokuwa. Sikuwakasirikia walioipiga picha ile. Nilimkasirikia mzee wa watu kwa kunipa hadithi ya uongo nikaibeba mpaka mbele ya wakwe.

Wiki iliyofuata hakwenda kwenye robot wala dukani kwa Mreno. Alikaa uani amegeuzia jua mgongo. Binti yangu alikuja kila jioni baada ya kazi, akawa anakaa karibu naye na simu yake, anasoma. Alihisi kosa ni lake. Alikuwa akitafuta chochote kuhusu yule mtu, kitu cha kumrudishia babu yake.

Alichopata kilikuwa kinyume. Mmarekani hakuzaliwa shambani. Baba yake alikuwa na duka la dawa katika mji mkubwa, aliishi mpaka uzeeni, na kijana alisoma shule nzuri. Shamba, ukame, safari ya miguu, yote yalitungwa na watu wa studio walioajiriwa kuwatungia waigizaji maisha, kwa sababu mchunga ng'ombe anauzika kuliko mtoto wa mwuza dawa. Farasi alijifunza kupanda akiwa mtu mzima, kwa kulipia masomo. Baada ya filamu ya Afrika hakupata nyingine ya maana. Alitangaza sabuni kwenye televisheni, alikunywa sana, akafia katika nyumba ya kulelea wazee. Kabla ya kufa kuna mtu alikwenda kumhoji kuhusu filamu zake, moja baada ya nyingine.

Binti yangu alinionyesha hayo kwanza mimi. Nikamwambia asimwambie. Lakini baba alikuwa amekaa hapo hapo nje ya dirisha, na masikio yake bado yanafanya kazi.

"Mjukuu wangu," akaita. "Alihojiwa kuhusu picha yetu?"

Binti yangu akatoka nje. "Ndiyo, babu."

"Alisemaje?"

"Alisema kulikuwa na joto. Na nzi."

"Alinitaja?"

Nilisimama mlangoni, natamani adanganye. Binti yangu akachuchumaa mbele yake akamshika magoti. "Hapana, babu. Hakukutaja."

Baba akaniambia nilete kiti, nikae. Alisimulia bila kumtazama yeyote kati yetu, kama mtu anayesoma maandishi ukutani.

Alisema alifika kambini na shati la misheni, wakamwambia avue. Wakampaka mafuta. Maneno yake yalikuwa, "Bwana, sanduku ni zito, na simba yuko karibu," maneno ya mtu mwenye akili, alisema, naye alijifunza mwenyewe jinsi ya kuyatamka vizuri. Mwongozaji hakuridhika. Kofi lilikuwa la kuigiza, mkono unapita hewani, na kila mara wakasema halionekani la kweli. Mmarekani alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Mara ya mwisho alimpiga kwelikweli. Watu wote wa kambi wakapiga makofi ya furaha, kwa sababu sasa ilikuwa imetoka vizuri.

"Sikio likalia mpaka jioni," baba alisema. "Baadaye akaja. Nilikuwa nimekaa juu ya lile sanduku. Akakaa karibu yangu akanipa sigara, nami sivuti, nikavuta. Akazungumza sana. Kiingereza kitupu, kirefu, anatazama chini. Mkalimani alikuwa amekwenda kula. Sikuelewa hata kitu kimoja. Akanyanyuka akaondoka, na kesho yake hakunitazama tena. Mambo ya maisha yake niliyapata kwenye magazeti ya padre."

"Kwa hiyo urafiki ni hapo tu?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Hapo tu. Maisha yangu yote nimefikiri alikuwa anasema nini. Labda aliniomba radhi. Labda alisema kuna joto." Akatabasamu kidogo, vibaya. "Na ile picha niliiona zamani, mama. Ilipofika sinema ya mjini nilimpeleka mama yako, tulikuwa wachumba. Alipoona lile kofi alicheka kama wengine. Hakunitambua. Nilimshukuru Mungu gizani mle."

Binti yangu akamuuliza kwa nini basi aliwaambia watu wote.

"Ningesema nilipigwa kofi, wangenihurumia siku moja wakasahau. Nikisema alikuwa rafiki yangu, wanakaa kunisikiliza."

Nilifikiria miaka yangu ya kwanza mjini hapa, nilipokuwa nashona katika chumba cha ghorofani Marshalltown, na msimamizi mwanamke aliyekuwa akinishika sikio mbele ya wenzangu na kuniita jina la dharau wanalowaita wageni. Nilipopiga simu nyumbani nilimwambia baba kwamba nina bosi anayenipenda kama dada. Nilimpamba mwanamke yule mpaka mama akamtumia khanga. Nilimpelekea, akaifanya ya kufutia mashine. Hilo sijawahi kumwambia mtu, wala siku ile pale uani sikumwambia baba. Nilichoweza ni kuingia ndani na kumletea blanketi.

Malume alirudi peke yake Jumamosi iliyofuata, bila suti, amebeba mfuko wa machungwa. Mume wangu hakuwepo, kwa hiyo nikawa mkalimani tena. Alisema amekuja kwa sababu alicheka. Alisema kwa Kizulu cha heshima kubwa, akitumia wingi kama mtu anayezungumza na baba yake mzazi, na mimi nikatafsiri kwa shida kwa sababu Kiswahili hakina namna ile.

Baba akasema, "Mwambie hakukosea. Ilikuwa inachekesha. Waliitengeneza ichekeshe. Sasa mwambie ilivyokuwa."

Akaanza kusimulia. Nilitafsiri mafuta, nikatafsiri shati. Tulipofika kwenye kofi, nikasema kwa Kizulu kwamba yule mtu alimgusa kwa nguvu kidogo.

Baba hajui Kizulu. Alijua hata hivyo, labda kwa macho yangu. "Usipunguze, mama," akasema. "Sema kama nilivyosema."

Ile aibu niliyokuwa nayo mbele ya televisheni ilirudi yote, na moto wake masikioni, na hamu ya kuwa mtoto wa mtu mwingine. Lakini hapakuwa na pa kuitupia. Nikasema, "Mzungu alimpiga baba yangu kofi la kweli, watu wakashangilia." Nililisema kwa sauti, katika sebule yangu, mbele ya mkwe wangu. Kisha nikaendelea na sigara, na Kiingereza kirefu, na mama yangu akicheka gizani, mpaka mwisho.

Malume alikuwa ameshika chungwa ambalo hajalimenya. Aliliweka mezani. Alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja.

"Anauliza ni shavu lipi," nikamwambia baba.

Baba akaonyesha. Malume akanyanyuka kwa shida, kwa unene wake, akahamia kiti cha upande huo, akakaa, na wakaanza kumenya machungwa.